Mishahara Haijalipwa: Je, Tukigoma Sote Tutakuwa Salama?

SWALI: Tunafanya kazi katika kiwanda kimoja mkoani Morogoro. Hatujalipwa mishahara ya miezi miwili, na ombi letu la kuongezewa posho ya usafiri limekataliwa. Bwana mmoja anayejitambulisha kuwa mwanasheria ametuandalia barua ya mgomo, kila mmoja atie saini na kumlipa shilingi 5,000. Anatuhakikishia kwamba tukigoma sote kwa pamoja mwajiri hawezi kumfukuza yeyote. Je, ni kweli?

JIBU: Si kweli, ndugu msomaji, na ninakuomba usitie saini barua hiyo wala usimlipe mtu huyo. Wingi wenu si kinga. Kinga ya mfanyakazi anayegoma imewekwa na kifungu cha 83 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, nacho kinamlinda yule tu aliyeshiriki mgomo halali. Wafanyakazi mia wakigoma kinyume cha sheria, wote mia wako nje ya kinga hiyo, na barua yenye saini zao inageuka kuwa ushahidi mikononi mwa mwajiri.

Kosa ambalo ninalikuta karibu kila wiki, na ambalo limewagharimu watu wengi ajira zao, ni kuamini kwamba kadiri dhuluma inavyokuwa ya wazi ndivyo haki ya kugoma inavyozidi kuwa na nguvu. Sheria yetu imepangwa kinyume kabisa na dhana hiyo. Kifungu cha 75 kinatoa haki ya kugoma kwa ajili ya mgogoro wa maslahi, yaani pale mnapodai jambo jipya ambalo bado hamna haki nalo, kama vile nyongeza ya mshahara au posho ambayo haimo katika mkataba. Dai linalotokana na kukiukwa kwa mkataba, kwa makubaliano ya hali bora (yale ya chama cha wafanyakazi na mwajiri) au kwa sheria yenyewe huitwa lalamiko, na lalamiko halipelekwi kwenye mgomo bali mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), kisha, inapolazimu, Mahakama ya Kazi. Mshahara uliokwisha kuufanyia kazi ni haki yako tayari. Vivyo hivyo malipo ya saa za ziada, ambayo sheria inataka yasipungue mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Ninajua jinsi inavyouma kuambiwa kwamba mtu anayekudhulumu waziwazi huwezi kumgomea, lakini njia uliyowekewa ina nguvu zaidi, kwa sababu mwisho wake ni amri ya kulipwa ambayo inaweza kutekelezwa kama hukumu ya mahakama.

Kwa hiyo dai lenu la mishahara lipelekeni Tume bila kukawia, kwa kutumia fomu ya CMA namba 1. Saini mnazotakiwa kumpa bwana huyo zina kazi yake halali hapa: wafanyakazi wengi wanaweza kuwasilisha lalamiko moja, wakamteua mwenzao asaini nyaraka kwa niaba yao, mradi orodha ya majina na saini za wote iambatishwe. Jambo la kuangalia sana ni muda. Malalamiko yasiyohusu kuachishwa kazi yanatakiwa kuwasilishwa ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoanza, na yanayohusu kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Mshahara wa kwanza kati ya hiyo miwili huenda umeukaribia ukomo huo, na mkichelewa mtalazimika kwanza kuomba muda wa ziada na kueleza sababu za msingi za kuchelewa. Mwajiri wenu akiitwa kwenye usuluhishi asitokee, msuluhishi ana mamlaka ya kuliamua lalamiko bila yeye kuwepo.

Posho ya usafiri ni jambo jingine, kwa kuwa hamjawahi kuwa nayo kimkataba, na kwa hiyo mnaweza kuigomea. Hata hivyo kifungu cha 80 kinataka mgogoro upelekwe kwanza Tume kwa usuluhishi, siku 30 za usuluhishi zipite bila muafaka, na mwajiri apewe notisi ya saa 48. Ikiwa mgomo umeitishwa na chama cha wafanyakazi, lazima kura ipigwe kwa mujibu wa katiba ya chama na walio wengi kati ya waliopiga kura wauunge mkono. Mkizifuata hatua hizo, mwajiri haruhusiwi kumwachisha kazi mtu kwa kushiriki mgomo, wala kuleta vibarua wa kushika nafasi zenu. Mshahara wa siku za mgomo hatalazimika kuulipa, ila michango ya mifuko ya hifadhi ya jamii lazima aendelee kuipeleka, na anayeishi katika nyumba ya kampuni hawezi kutolewa kwa sababu hiyo.

Barua ya kishoka, yaani mwanasheria bandia kama huyo, haina hata moja kati ya hatua hizo. Watu hawa wanapita viwandani, mashambani na kwenye maeneo ya ujenzi wakiuza karatasi ileile waliyobadilisha jina la kampuni tu, na mambo yakiharibika simu zao hazipatikani. Mwaka 2012 mgomo wa walimu wa nchi nzima, ulioitishwa na chama kikubwa kilichosajiliwa, ulitamkwa na Mahakama ya Kazi kuwa si halali siku chache baada ya kuanza, na walimu wakaamriwa kurudi kazini. Ikiwa chama cha namna hiyo kilikwama, karatasi ya shilingi 5,000 itawafikisha wapi? Kibaya zaidi, karatasi hizohizo zinauzwa kwa wahudumu wa afya na mafundi wa umeme na maji, ambao kazi zao sheria imezitaja kuwa huduma muhimu, na ambao kwa kawaida hawaruhusiwi kugoma hata wakifuata kila hatua. Migogoro yao ya maslahi huishia kwenye uamuzi wa Tume.

Vishoka pia hupenda kuwashauri watu wafunge geti au wamzuie meneja asiingie ofisini, wakisema kwamba bila hivyo mwajiri hatasikia. Kumfungia mwajiri ndani, kumzuia kuingia na kukusanyika getini kushinikiza ni vitendo vilivyokatazwa, hata pale mgomo wenyewe unapokuwa halali. Wafanyakazi wenye madai ya kweli kabisa hujikuta wakihojiwa polisi badala ya kuwa mbele ya msuluhishi, huku siku 60 za lalamiko lao zikiendelea kuhesabika.