Asubuhi au Jioni? Majibu Yetu kwa Wasomaji Kuhusu Muda wa Mazoezi

Barua za mwezi huu zinauliza swali moja kwa njia tofauti: saa nzuri ya mazoezi ni ipi? Tunaowafundisha watu mazoezi kila siku hatuoni saa moja inayomfaa kila mtu. Tunachosisitiza ni kwamba saa unayochagua hubadilisha zoezi lenyewe: namna ya kupasha mwili moto, chakula cha kutangulia, na yale ya kuacha kabisa saa hiyo. Wengi huhamisha saa bila kubadilisha kitu kingine, na hapo ndipo wanapoumia.

Naishi Githurai na nafanya kazi katikati ya jiji. Huamka saa 10:30 alfajiri, nafanya zoezi la tumbo, nakimbia dakika 40, kisha nawahi matatu kabla ya msongamano. Kulala ni saa 5:30 usiku, baada ya watoto na kazi za nyumba. Miezi imepita lakini miguu bado mizito, kasi haiongezeki, na sasa kiuno kinauma. Nihamie jioni? – Mama wa watoto wawili

Dada, tuanze na usingizi, maana ndio unaotutia wasiwasi zaidi. Kutoka saa 5:30 hadi saa 10:30 ni saa 5 tu. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7. Misuli hujijenga upya wakati umelala, kwa hiyo kila alfajiri unaichosha kabla haijamaliza kujitengeneza. Hata ukibadilisha raba na mlo, miguu itabaki mizito mpaka usingizi uongezeke.

Kuhusu kiuno, tunadhani chanzo ni zoezi la tumbo. Ukilala usiku kucha, diski zilizo katikati ya pingili za mgongo hufyonza maji na kuvimba kidogo. Ndiyo sababu mtu huwa mrefu kwa kama sentimita 1 asubuhi kuliko jioni. Diski iliyojaa hivyo hubanwa vibaya mgongo ukikunjwa. Katika saa ya kwanza baada ya kuamka, usifanye zoezi la kulala chali na kuinuka, usijikunje kugusa vidole vya miguu, wala usiinue kitu kizito kutoka chini. Hata ndoo ya maji ya lita 20 ihesabu humo. Zoezi la tumbo lifanye jioni. Maumivu yakishuka mguuni, au ukihisi ganzi, nenda hospitali bila kuchelewa.

Kuna na joto la mwili. Hushuka kabisa alfajiri, saa chache kabla ya kuamka, na hufika kileleni kati ya saa 10 jioni na saa 1 usiku. Misuli yenye joto hukaza kwa nguvu na kwa kasi zaidi, kwa hiyo mwendo uleule wa kilomita 5 unauona mgumu asubuhi na mwepesi jioni. Usijilaumu. Anayekimbia alfajiri apashe mwili moto kwa dakika 15: 5 za kutembea, 5 za kuzungusha mabega, nyonga na vifundo vya miguu, na 5 za kukimbia polepole kiasi cha kuweza kuzungumza. Jioni dakika 7 au 8 zinatosha. Mwezi wa Julai, baridi ya Nairobi inapokaza, vaa sweta na uivue tu ukishaanza kutokwa na jasho.

Ushauri wetu: alfajiri za siku za kazi ziache kwa muda, ulale mpaka saa 11:30 kama usafiri unaruhusu, na jitahidi kuingia kitandani hata nusu saa mapema. Jioni mbili kwa wiki, shuka Roysambu na utembee kwa haraka hadi nyumbani kukiwa bado na mwanga. Kukimbia kuwe Jumamosi na Jumapili, jua likishachomoza. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kutembea kwa haraka kunahesabika. Ongeza siku mbili za mazoezi ya nguvu: kuchuchumaa na kusimama mara 10 hadi 15, pushapu za ukutani au za sakafuni, mizunguko mitatu kila zoezi. Hayo unaweza kuyafanya chakula kikiwa jikoni.

Zoezi zito la jioni likamilike angalau saa 1 kabla ya kulala, na mbili ni bora, ili joto la mwili na mapigo ya moyo yashuke. Chai ya rangi au kahawa ya kujichangamsha saa 12 jioni ni kosa tunaloliona sana. Kafeini hukaa mwilini saa nyingi, kisha mtu anasema mazoezi ya jioni yamemnyima usingizi.

Nina miaka 61 na natumia dawa za presha. Nimeambiwa nisitembee asubuhi kwa kuwa ndio wakati wa mshtuko wa moyo. Ni kweli? – Mzee wa Buruburu

Mzee wetu, aliyekuambia hakukosea kabisa. Presha hupanda mtu anapoamka, na mshtuko wa moyo hutokea zaidi kati ya saa 12 asubuhi na adhuhuri. Lakini hatari kubwa iko katika kujikaza ghafla kwa mwili usiozoea. Kutembea kwa utaratibu, presha ikiwa imedhibitiwa, kunausaidia moyo.

Fanya hivi. Ukiamka, kunywa glasi ya maji na ujipe dakika 30 hadi 45 za shughuli ndogo za nyumbani. Meza dawa kama ulivyoandikiwa. Usiziruke wala kuzisogeza kwa sababu ya mazoezi bila kumuuliza daktari. Kaa dakika 5, pima presha. Ukikuta namba ya juu ni 180 au zaidi, au ya chini ni 110 au zaidi, siku hiyo hakuna mazoezi, nenda kliniki. Vinginevyo anza polepole sana kwa dakika 10, ndipo uongeze mwendo mpaka kiwango cha kuweza kuzungumza lakini si kuimba.

Mwisho wa matembezi unataka umakini kuliko watu wanavyodhani. Usisimame ghafla. Damu hubaki miguuni na kichwa kinakuwa chepesi, hasa kwa anayetumia dawa za kukojoza au za kutanua mishipa kama amlodipini. Punguza mwendo kwa dakika 5 hadi 10. Ikiwa dawa yako ni atenololi au ya jamii yake, usitegemee saa ya mkononi inayohesabu mapigo, kwa kuwa dawa hiyo huyazuia yasipande. Asubuhi za baridi kali mishipa hujibana, kwa hiyo subiri hadi saa 3 asubuhi. Maumivu au kubanwa kifuani, kukosa pumzi ghafla, maumivu yanayopanda shingoni au kushuka mkononi: simama, na upelekwe hospitali mara moja.

Je, kukimbia tumbo likiwa tupu huondoa mafuta zaidi? – Msomaji, Kawangware

Wakati wa zoezi lenyewe, ndiyo, mwili huchoma mafuta zaidi kidogo. Baada ya wiki kadhaa, watu wanaokula kiasi kilekile hupungua sawa, wawe walikimbia kabla au baada ya kula. Chini ya saa 1 kwa mwendo wa taratibu, maji yanatosha. Mbio kali au ndefu zinahitaji ndizi moja nusu saa kabla.

Nina kisukari, natumia metformini na gliklazidi. Nikikimbia asubuhi kabla ya kula, sukari wakati mwingine hupanda badala ya kushuka. Kwa nini? – Dada wa Kayole

Kwa sababu alfajiri ini huachilia sukari ili kukuamsha, na zoezi kali huliongezea msukumo. Kwako tunapendelea matembezi baada ya kula. Anza kama nusu saa baada ya chakula, tembea dakika 10 hadi 15, na usiache baada ya chajio, kwani kwa wengi wetu ugali mkubwa wa siku ni wa usiku. Kukiwa si salama kutoka, zunguka uani au panda na kushuka ngazi za ploti kwa mwendo wa kawaida.

Gliklazidi, glibenklamidi na insulini zinaweza kuishusha sukari kupita kiasi. Metformini ikitumika peke yake ni nadra. Pima kabla ya kuanza. Ikiwa chini ya 5 (mmol/L), kula kwanza: ndizi, au kipande cha nduma. Mfukoni beba kitu cha gramu 15 za sukari, yaani vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari kwenye karatasi, au nusu ya soda ya mililita 300 yenye sukari ya kawaida. Ukitetemeka, ukitokwa na jasho la baridi au ukianza kuchanganyikiwa, kula sukari hiyo au unywe soda hiyo, subiri dakika 15, pima tena. Zoezi zito la jioni linaweza kuishusha sukari usiku wa manane, kwa hiyo siku hizo pima kabla ya kulala. Sukari ikishuka mara kwa mara, daktari ndiye wa kupunguza dozi.

Nakimbia kando ya Outering Road na nakohoa. Ni saa ipi hewa ni safi? – Kijana wa Umoja

Badilisha njia kabla ya kubadilisha saa. Hewa baridi ya usiku hutulia chini pamoja na moshi wa takataka zinazochomwa, kisha kuanzia saa 12:30 asubuhi magari huongeza moshi wake. Ingia ndani ya mtaa, mita 200 hadi 300 kutoka barabara kuu, na moshi hupungua sana. Baada ya mvua vumbi hutulia, hiyo ni nafasi nzuri. Kifua kikibana au kupiga mluzi, pimwa pumu.

Wakati wa Ramadhani nifanye vyuma saa ngapi bila kupoteza misuli? – Ndugu wa Eastleigh

Kabla ya futari chagua zoezi jepesi tu, kama kutembea au kunyoosha viungo, lianze dakika 30 hadi 45 kabla ya Magharibi ili maji yawe karibu. Vyuma viache usiku. Fungua kwa tende na maji, uswali, ule kidogo, kisha vyuma baada ya sala ya tarawehe, na mlo wenye maharagwe, samaki au nyama ufuate baadaye. Kuamka kabla ya daku kwa ajili ya jimu hatukushauri, kunakula usingizi uliokwisha kupungua.

Punguza mizunguko kwa theluthi moja, lakini uzito wa vyuma ubaki karibu na ule wa kawaida, maana uzito ndio unaoiambia misuli isipungue. Siku tatu kwa wiki zinatosha. Maji yanywe kidogo kidogo kuanzia futari hadi daku. Ukiyameza lita nzima kwa mkupuo mwishoni, mengi utayakojoa kabla jua halijapanda.