Kabla ya kutia majivu kwenye mafuta ya kula

Mara ya kwanza nilipojaribu kusafisha mafuta kwa majivu, niliambulia rojo la sabuni. Nilikuwa nimetumia majivu ya maganda ya ndizi kwa sababu ndiyo yaliyokuwepo. Majivu hayo yamejaa potasi, ile ile iliyotumika tangu zamani kutengenezea sabuni. Ikikutana na asidi huru zilizomo kwenye mafuta mabichi huzigeuza sabuni, na sabuni hiyo huondoka na mafuta mazuri.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza utie majivu kiasi gani, uliza yametokana na mmea gani na yalichomwaje.

Siku hizi natumia ya maganda ya mpunga. Kwa kawaida asilimia 85 hadi 95 ya majivu hayo ni silika, madini yaliyo pia kwenye mchanga, yenye vitundu vidogo mno vinavyonasa rangi na asidi. Moto nao una kipimo: nyuzi 500 hadi 700 za Selsiasi. Ukizidi sana, silika hugeuka fuwele, yaani chembe ngumu mfano wa zile za chumvi. Hapo hainasi tena vizuri, na vumbi lake huumiza mapafu. Mimi huziba pua na mdomo hata ninapotumia majivu yaliyochomwa vyema. Na usichome maganda pamoja na plastiki au mbao zilizopakwa rangi. Hiki ni chakula.

Majivu huyaosha kwa maji moto mpaka utelezi uishe, kisha nayakausha kabisa, maana unyevu huziba vitundu na kufanya mafuta yaruke. Mafuta yenyewe nayaacha yatuame, nayapasha hadi nyuzi 90 hivi, natia gramu 20 za majivu kwa kilo ya mafuta na kukoroga nusu saa. Nachuja mara mbili kwa kitambaa kizito, yakiwa na joto bado. Hapa wengi hukosa subira, wakamimina chupani mafuta yenye vumbi.

Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi yananipa wasiwasi zaidi. Majivu yatayang'arisha, hata harufu itapungua, lakini hayarudishi mafuta yaliyokwisha kuharibika. Usidanganywe na rangi. Yakitoa povu na moshi mapema, yapeleke kwenye sabuni.

Majivu yaliyokwisha kutumika usiyarundike. Yakiwa yamelowa mafuta yanaweza kujipasha joto yenyewe hadi kuwaka. Mimi huyatandaza mbali na nyumba na kuyachanganya na udongo siku hiyo hiyo.