Fidla za Mantovani zinamiminikaje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Napiga fidla kwenye kikundi cha taarab hapa Unguja. Siku hizi nasikiliza sana rekodi za zamani za okestra ya Mantovani, hasa "Charmaine". Fidla zake zinalia kama zimo ndani ya kanisa kubwa. Walitumia mashine gani ya mwangwi? Na sisi tunaweza?

JIBU: Marahaba. Hakuna mashine hapo. Mwangwi ule uliandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya noti mwaka 1951, na aliyeuandika ni Ronald Binge, aliyempangia Mantovani muziki wa okestra yake. Sifa nyingi zilimwendea kiongozi wa okestra, lakini ufundi huu ni wa Binge.

Chukua sauti nne zinazoshuka: sol, fa, mi, re. Kwenye taarab fidla zote zingezipiga pamoja. Binge alizigawa fidla makundi. Kundi la kwanza linapiga sol na kuishikilia. La pili linaingia na fa huku sol bado inalia, la tatu mi, la nne re. Kisha la kwanza linaiachia sol na kudaka noti inayofuata. Hakuna kundi linalopiga wimbo mzima. Ukikaa ubavuni mwa mpigaji mmoja utasikia noti ndefu ndefu zisizoeleweka. Ukisogea mbali, wimbo unajitokeza, kila noti ikiburura mkia juu ya mwenzake.

Kwangu mimi, hapo ndipo ilipo siri ya muziki huu kutochuja. Idhaa ya BBC ya Light Programme, iliyorusha muziki mwepesi kama huu na iliyoanza Julai 1945, ilisikika kwa mawimbi marefu na ya kati. Uingereza ilianza kurusha matangazo ya FM mwaka 1955. Redio za nyumbani zilikuwa na spika ndogo, sauti nyembamba za juu zilipotea njiani, na mwangwi halisi wa ukumbi uligeuka mvumo tu. Wapangaji wa muziki waliandika wakilijua hilo: wimbo ukae katikati, besi iwe nyepesi, na kipande kiishe ndani ya dakika tatu hivi, upande mmoja wa santuri. Mwangwi wa Binge ni noti zenyewe. Redio ikizipokea noti, mwangwi umefika, na ndiyo maana hata kwenye simu yako unausikia.

Sasa kikundi chenu. Fidla nne zinatosha kujaribia, lakini nane, mbili kila kundi, ni bora zaidi; fidla moja moja mkia wake huwa mwembamba mno. Chagueni wimbo wa polepole wa maqamu (ngazi za sauti za Kiarabu) ya ajam au nahawandi. Rasti na bayati nisingeanza nazo: zile robo za sauti zikilaliana na jirani zake, msikilizaji atadhani fidla hazijatyuniwa.

Kazi kubwa iko kwenye upinde. Noti ianze kwa mkazo mdogo, ififie papo hapo bila kukatika. Isipofifia, inaimeza inayofuata, na hilo ndilo kosa ninalolisikia kila mara watu wanapouiga mtindo huu. Kodi, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja, ikibadilika, mikia yote ya kodi iliyopita iwe imekwisha. Ganuni ipumzike kwenye mistari hiyo, maana midonoo yake itaikata mikia. Chelo na besi zibaki zimeshika kodi chini. Muandikie kila kundi karatasi yake, na mazoezi ya kwanza yawe ya mistari minne tu, bila mwimbaji.