Meza ya Fundi: alama ya >>> haitokei, na maswali mengine ya MicroPython

Barua nyingi za safari hii zinahusu MicroPython, ile Python ndogo ambayo Damien George alianza kuichangishia fedha mtandaoni mwaka 2013 na ambayo leo inaendeshwa kwenye bodi za bei nafuu kama ESP32 na Raspberry Pi Pico. Uzuri wake ni kwamba bodi yenyewe inajibu. Ukishaiona alama ya >>> (hapo ndipo paitwapo REPL), unaandika mstari mmoja, unabonyeza Enter, na jibu linakuja papo hapo. Lakini wengi mliotuandikia mmefuta bodi na kuiflashi upya (yaani kuiandikia mfumo wake tena) mara tatu au nne kabla ya kuiuliza chochote. Tunaomba sana mgeuze mpangilio huo.

SWALI: Ndugu wahariri, nimenunua ESP32. Nikiichomeka kwenye laptopu taa nyekundu inawaka, lakini Thonny, programu ninayoandikia Python, inasema haioni kifaa chochote. Nimejaribu Windows na Ubuntu, hali ni ile ile. Je, bodi imekufa?
*Msomaji, Mwanza*

JIBU: Haijafa. Taa nyekundu inaonyesha umeme umefika, basi. Haisemi lolote kuhusu data. Anza na kebo. Kebo nyingi zinazouzwa pamoja na redio na taa ni za kuchajia tu: ndani mna nyaya mbili za umeme, zile mbili za data hazimo. Iunganishe simu yako na kompyuta kwa kebo hiyo hiyo. Kama simu inachaji lakini picha zake hazifunguki kwenye kompyuta hata ukiruhusu uhamishaji wa faili, tafuta kebo nyingine kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Kebo ikiwa nzima, angalia chipu ndogo iliyo karibu na tundu la USB. Imeandikwa CP2102 au CH340. Hiyo ndiyo inayotafsiri kati ya USB na ESP32, na kwenye Windows huenda ikahitaji draiva yake. Fungua Device Manager, chomoa bodi, ichomeke tena: poti mpya, tuseme COM5, inapaswa kuzaliwa mbele ya macho yako. Ikitokea na alama ya njano, draiva ndiyo inayokosekana.

Kwenye Ubuntu kuna mitego miwili. Wa kwanza ni ruhusa: andika `sudo usermod -aG dialout $USER`, kisha toka kwenye akaunti na uingie tena; bila kutoka, badiliko halishiki. Wa pili unawasumbua wenye CH340 kwenye Ubuntu 22.04. Ukiandika `sudo dmesg | tail` utaona ttyUSB0 imeunganishwa na mara hiyo hiyo imeachiwa. Anayeipokonya ni brltty, programu ya vifaa vya nukta nundu, ambayo inaidhania CH340 kuwa mojawapo ya vifaa vyake. Kama kwenye kompyuta hiyo hakuna anayesoma kwa nukta nundu, `sudo apt remove brltty` inamaliza kazi.

Sasa poti ipo, lakini >>> bado. Fungua poti kwa kasi ya 115200 na ubonyeze kitufe cha EN au RST. Ukipata herufi zisizosomeka mwanzo hadi mwisho, kasi umeikosea. Ukiona `invalid header: 0xffffffff` ikijirudia bila kikomo, bodi ni nzima ila ni tupu: flashi (kumbukumbu ya bodi) iliyofutwa husomeka kama tarakimu 1 kila mahali, na ffffffff ndiyo hiyo. Hapo, na hapo tu, ndipo pa kuflashi, kwa programu ya esptool:

`python -m esptool --port COM5 erase_flash`
`python -m esptool --port COM5 --baud 460800 write_flash 0x1000 faili.bin`

Badala ya faili.bin weka jina la faili ya MicroPython uliyoipakua. Nukta za "Connecting....." zikizidi kusogea bila kuunganika, shikilia kitufe cha BOOT mpaka uandishi uanze, kisha achia. Na soma vizuri jina la chipu kwenye kifuniko chake cha bati. Ile 0x1000 ni ya ESP32 ya kawaida. ESP32-S3 na ESP32-C3 huanzia 0x0. Ukikosea anwani hiyo uandishi utakamilika bila malalamiko yoyote, na bodi haitaanza kazi.

SWALI: Nimeandika programu ya kumwagilia bustani kwenye Pico nikaihifadhi kama main.py. Sasa haisimami. Nabonyeza Ctrl-C mpaka kidole kinauma. Nimeshikilia kitufe cha BOOTSEL nikaweka MicroPython upya, lakini programu ile ile inarudi!
*Msomaji, Nakuru*

JIBU: Tumeiona programu uliyoambatanisha, na kosa limo kwenye neno moja:

`while True:`
`    try:`
`        mwagilia()`
`    except:`
`        pass`

Ctrl-C haizimi bodi. Inachofanya ni kurusha hitilafu iitwayo KeyboardInterrupt ndani ya programu yako, ikitegemea itapanda hadi juu na kukurudishia >>>. `except:` isiyo na jina hudaka kila kitu, na hiyo ikiwamo. Kwa hiyo kila ukibonyeza, programu inakusikia, inameza ombi lako na kuendelea. Andika `except Exception:` nayo itadaka makosa ya kawaida na kuipisha Ctrl-C, kwa sababu KeyboardInterrupt haimo katika ukoo wa Exception.

Kuweka MicroPython upya hakukukusaidia kwa kuwa faili ya .uf2 (ndiyo inayobeba MicroPython) huandika sehemu ya mfumo tu. Faili zako zinakaa sehemu nyingine ya flashi na haziguswi. Njia ya kujinasua ni hii: chomoa kebo, shikilia BOOTSEL, ichomeke, achia. Diski ya RPI-RP2 itatokea. Ibwagie faili ya `flash_nuke.uf2` inayotolewa na Raspberry Pi. Diski itapotea na kurudi yenyewe. Baada ya hapo weka .uf2 ya MicroPython. Kumbuka kwamba flash_nuke inafagia kila kitu, hata kumbukumbu za vipimo ulizohifadhi. Mwenye ESP32 apitie `erase_flash`, matokeo ni yale yale.

Baada ya hapo, usiipe programu jina la main.py, ambalo bodi huliendesha yenyewe kila ikiwashwa, ikiwa bado unaijaribu. Iite kazi.py, na main.py iwe na mistari hii mitatu tu:

`from machine import Pin`
`if Pin(15, Pin.IN, Pin.PULL_UP).value():`
`    import kazi`

Siku programu ikikwama, unganisha pini ya GP15 na ya GND (hasi) kwa kipande cha waya kisha uwashe bodi. Pini itasoma 0, kazi.py haitaitwa, na >>> itakuwa inakusubiri. Waya huo wa sentimita 10 umeokoa faili nyingi kuliko flash_nuke.

SWALI: Natumia PuTTY kuandikiana na bodi. Nikibandika kitanzi cha mistari sita napata IndentationError, ingawa kwenye Notepad kimekaa vizuri kabisa.
*Msomaji, Lubumbashi*

JIBU: REPL inakusogezea mistari yenyewe baada ya kila nukta pacha, na nafasi ulizobandika zinajumlishwa juu ya hizo. Mstari wa kwanza wa ndani unapata nafasi 8 badala ya 4, wa pili zaidi, na hesabu inavurugika. Bonyeza Ctrl-E kwanza. Alama itageuka kuwa `===`. Bandika, kisha Ctrl-D. Kwa programu inayozidi ukurasa mmoja usibandike kabisa, kwani herufi zinaweza kupotea njiani. Funga PuTTY (poti haishirikiwi na programu mbili) na utumie mpremote, programu ya kompyuta ya kuongea na bodi: `mpremote connect COM5 run jaribio.py`. Inaendeshwa bila hata kuhifadhiwa kwenye bodi.

SWALI: Kioo changu kidogo cha OLED kwenye Pico kinatoa "OSError: [Errno 5] EIO". Muuzaji ameshanibadilishia viwili.
*Msomaji, Dar es Salaam*

JIBU: EIO maana yake Pico iliita kwenye njia ya I2C (nyaya mbili za mawasiliano, SDA ya data na SCL ya mapigo) na hakuna aliyeitikia. Vioo vitatu mfululizo kuwa vibovu ni jambo la nadra. Nyaya ndizo za kushukiwa. Iulize bodi:

`>>> from machine import Pin, I2C`
`>>> i2c = I2C(0, sda=Pin(4), scl=Pin(5), freq=100000)`
`>>> i2c.scan()`

Jibu likiwa `[60]`, kioo kinasikika: 60 ndiyo 0x3c, anwani ya kawaida ya vioo vya SSD1306, na tatizo litakuwa kwenye programu yako, pengine umeandika anwani tofauti. Jibu likiwa `[]`, rudi kwenye nyaya.

Kosa tunaloliona kuliko yote ni la kuhesabu miguu. GP4 siyo mguu wa 4, ni mguu wa 6. GP5 ni wa 7. Ukiwa umechomeka kwenye miguu ya 4 na 5, uko kwenye GP2 na GP3, na hizo ni za I2C nambari 1. Ukiziita kwa nambari 0 utapata `ValueError: bad SCL pin` au sentensi inayofanana nayo. Pili, Pico nyingi huuzwa bila pini. Ukizichomeka pini kwenye matundu bila kuzichomelea kwa risasi, zinagusa leo na kuachia kesho. Jibu la scan linabadilika kila ukiisukuma bodi kwa kidole. Tatu, SDA na SCL zimebadilishana. Zigeuze tu, kosa hilo haliunguzi kitu.

Kama una multimita, weka mguso mweusi kwenye GND na mwekundu kwenye SDA, kisha SCL, wakati programu haiendeshwi. Zote zisome karibu volti 3.3. Ikisoma 0, waya umegusana na GND au hakuna rezista ya kuuvuta juu: weka rezista mbili za 4.7 kΩ, moja toka SDA na moja toka SCL, zote kwenda 3V3 (mguu wa 36). Ikisoma volti 5, chomoa mara moja. Hilo huwapata wenye LCD za 16x2 zilizobebeshwa PCF8574 mgongoni na kulishwa volti 5; pini za Pico ni za volti 3.3, na zinaweza kuharibika polepole bila kutoa dalili. Weka kigeuza volti katikati.

SWALI: Mfano wa Pin(25) hauwashi taa ya Pico W yangu.
*Msomaji, Kampala*

JIBU: Kwenye Pico W taa imefungwa kwenye chipu ya Wi-Fi, siyo GP25. Andika `Pin("LED", Pin.OUT)`, na uhakikishe fimwea (faili ya mfumo) uliyoweka ni ya Pico W, siyo ya Pico tupu.

SWALI: Nina sensa ya joto ya DS18B20 kwenye banda la vifaranga. Kila ninapowasha, kipimo cha kwanza ni nyuzi 85 na feni inajiwasha.
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: 85 siyo joto la banda. Ndiyo namba ambayo DS18B20 hubeba inapopata umeme, kabla haijapima. Ukiita `convert_temp()` na papo hapo `read_temp()`, unasoma namba hiyo ya kuzaliwa nayo. Kwa usahihi wa biti 12 sensa inahitaji hadi milisekunde 750, hivyo weka `time.sleep_ms(750)` kati ya amri hizo mbili. Usiiambie programu ipuuze 85 tu, maana 85 ikitokea katikati ya siku inakupa habari nyingine: sensa ilikatikiwa umeme, na waya umelegea mahali fulani. Na kama waya wako ni wa mita kadhaa na unaona "CRC error" (data imefika na kasoro) mara kwa mara, thibitisha rezista ya 4.7 kΩ ipo kati ya waya wa data na 3.3 V.

SWALI: Natengeneza saa ya ukutani ya ESP32 inayoonyesha saa za Kiswahili. Ikiwa kwenye kompyuta inasoma sawasawa. Nikiipeleka ukutani na chaja ya simu, inaanza mwaka 2000.
*Msomaji, Zanzibar*

JIBU: Aliyekuwa akiirekebisha ni Thonny. Kila inapounganika huisawazisha saa ya bodi na saa ya kompyuta kimyakimya, kwa hiyo mezani kila kitu kinaonekana kizuri. ESP32 haina betri ya saa. Ikipoteza umeme hurudi tarehe 1 Januari 2000. Zima chaguo hilo kwenye mipangilio ya Interpreter ya Thonny, la sivyo utaendelea kupima kitu ambacho hakipo ukutani.

Kisha, baada ya Wi-Fi kuunganika (iwe ya 2.4 GHz, ESP32 hiyo haiioni ya 5 GHz), ita `ntptime.settime()`, inayochukua saa mtandaoni. Iweke ndani ya kitanzi cha majaribio matano hivi, kwani seva isipojibu kwa wakati inarusha ETIMEDOUT na programu nzima inasimama. Irudie mara moja kwa siku, kwa sababu saa ya ndani huteleza.

ntptime inaleta saa ya UTC (saa ya pamoja ya dunia). Afrika Mashariki iko mbele kwa saa 3, na saa ya Kiswahili iko nyuma ya saa ya kizungu kwa 6. Kwa hiyo toa 3 moja kwa moja:

`t = time.gmtime()`
`saa = (t[3] - 3) % 12 or 12`

Saa 4 ya UTC inakuwa 1, yaani saa moja asubuhi. Saa 3 ya UTC ingetoa 0, na `or 12` inaigeuza kuwa kumi na mbili. Dakika ni `t[4]`, haziguswi. Ukitaka na neno la wakati, lipime kwa `(t[3] + 3) % 24`: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku uzigawe kwa desturi ya kwenu.