Sanduku la Wasomaji: Vitabu Vyao, Si Vitabu Kuwahusu

SWALI: Mama, hujambo? Nafundisha sekondari hapa Nakuru na ni mlezi wa chama cha usomaji. Wasichana wangu husoma vitabu vya mtihani tu. Juzi mmoja wao, Mmaasai wa Narok, aliniuliza mbona hatujasoma kitabu cha mtu wa kwao. Nilienda maktaba nikaomba "vitabu vya Wamaasai", nikapewa vya mila na picha za shanga, vyote vya wageni. Vya wenyewe nitavipata vipi?
Mwalimu, Nakuru

JIBU: Sijambo, mwalimu wangu. Nilihudumu maktabani hapa Kisumu hadi nikastaafu, na ombi kama lako nililisikia mara nyingi. Maktaba nyingi hupanga vitabu kwa nambari za Dewey, yaani mfumo wa kugawa rafu kwa mada. Ukitaja kabila unapelekwa 300, kwenye jamii na desturi, na huko wengi walioandika ni watafiti waliokuja kutazama. Riwaya ziko 800, na hazipangwi kwa kabila la mwandishi. Kwa hiyo uliza jina la mtu, usiulize jina la jamii.

Anza na Henry ole Kulet, mzaliwa wa Narok. Riwaya yake Is It Possible? ilitoka 1971, na miaka arobaini baadaye, 2011, alikuwa bado anatoa Vanishing Herds. Blossoms of the Savannah, ya 2008, huenda wasichana wako wameisikia kwa sababu iliwahi kutahiniwa. Familia iliyomo inahama hapo hapo Nakuru kwenda Nasila, na mabinti wawili wanakuta tohara ikiwasubiri. Lakini msiishie hapo. Wachapishaji wetu huishi kwa soko la shule: kitabu kilichoteuliwa kwa mtihani hujaa madukani, na ndugu zake wa kalamu ile ile huadimika. Hao watafute kwa wauza vitabu vikuukuu wa kando ya barabara. Waandikie majina kwenye karatasi, uwaachie na nambari ya simu, wakipata watakupigia.

Tazama pia nani alichapisha. Hapa Kisumu, Asenath Bole Odaga alianzisha Lake Publishers mwaka 1982, na mwenyewe akaandika kwa Dholuo na kwa Kiingereza. Namheshimu mno mama yule. Ukiona jina la mchapishaji mdogo kama huyo nyuma ya ukurasa wa kichwa, fungua kurasa za mwisho: mara nyingi ameorodhesha vitabu vyake vingine, na humo utakutana na majina ambayo hakuna aliyekutajia.

Lugha nayo huficha vitabu. Grace Ogot alitoa Miaha kwa Dholuo mwaka 1983. Tafsiri ya Kiingereza, The Strange Bride, ikaja 1989. Kwa Dewey, fasihi ya lugha za Kiafrika iko 896, hata ikitafsiriwa, na riwaya zilizoandikwa kwa Kiingereza ziko 823. Mwandishi anayeandika kwa lugha mbili, rafu mbili. Zipitie zote.

Nakuomba jambo moja kuhusu yule msichana. Mkiketi kumsoma ole Kulet, usimgeukie kila ukurasa aeleze mila za kwao. Mwache abishane kuhusu wahusika kama wenzake, aseme nani kamuudhi na sura ipi imemchosha. Na mkimaliza, yeye ndiye achague kitabu kinachofuata, hata kama atachagua cha Mluo.