Buibui wa paani anayestahimili upepo

SWALI: Mwaka jana, kwa ajili ya Halloween, sikukuu ya mapambo ya kutisha, niliwatengenezea wanangu buibui wa mifuko myeusi ya taka iliyojazwa magazeti, nikampandisha juu ya paa letu hapa Minneapolis. Mvua ya siku mbili ilimlowesha, akaporomoka usiku na kuvunja mfereji wa maji ulio ukingoni mwa paa. Sasa wanataka mwingine, wa upana wa mita 4. Nimjengeje ili adumu hadi 31 Oktoba?
Mama wa wawili, Minnesota

JIBU: Pole sana, mama. Kilichomwangusha buibui wako si ukubwa wake bali magazeti, kwa kuwa karatasi hunywa maji na uzito wake huongezeka mno. Tena upepo ukivuma kwa kasi maradufu, nguvu yake ya kusukuma huwa mara nne, na mfuko wa plastiki huukinga wote kama tanga la jahazi. Kwa hiyo usimjaze kitu chochote: kunja waya wa mabanda ya kuku upate matufe mawili matupu, kisha uyavishe wavu mweusi wa kivuli unaotumika bustanini, ambao upepo hupenya.

Miguu ndiyo inayomfanya aonekane buibui kweli, kwa hiyo itengee muda wako mwingi. Yote minane itoke kwenye tufe dogo la mbele, kamwe isitoke tumboni, na magoti yapande juu kuliko mgongo, maana mtu aliye barabarani huona kivuli cha umbo tu. Kila mguu uwe na vipande vitatu vya bomba jembamba la plastiki vilivyounganishwa kwa elbo (viungo vya kona) za digrii 45, kisha uuvishe ile sponji nyeusi ya kukinga mabomba dhidi ya baridi; inapendeza sana, nayo ni nyepesi.

Usipigilie hata msumari mmoja kwenye vigae vya lami, kwani kila tundu ni mlango wa maji. Fungia kamba mwilini, zipitishe juu ya kilele cha paa hadi upande wa pili wa nyumba, kisha uzikaze kwenye vigingi vilivyochimbiwa ardhini. Usizifunge kwenye mfereji, kwani haukuundwa kubeba mzigo. Chagua kamba za poliesta, kwa kuwa za nailoni hulegea zikilowa.

Mwunge uwanjani, kisha mvuteni mkiwa watu wazima wawili, siku kavu, mbali na waya wa umeme unaoingia nyumbani kwa mita 3 au zaidi. Ngazi ikiegemea kimo cha mita 4, mguu wake uwe mita 1 kutoka ukutani.

Mteremshe mara tu sikukuu ikiisha. Theluji iliyoanza kuanguka huko kwenu 31 Oktoba 1991 ilifikia zaidi ya sentimita 70 kwa siku chache, na fundo lililoganda juu ya paa halifunguki kwa mikono.