Kabla hujamwambia mteja kwamba picha yake ni mbovu

Kijana alifika dukani baada ya magharibi, flashi mkononi. Mama yake alikuwa anazikwa kesho yake saa nane mchana, na familia ilitaka vitabu 150 vya ratiba ya ibada, ukubwa wa A5, picha ya mama ikae juu ya jalada. Nikaiingiza picha kwenye InDesign, programu ya kupanga kurasa, nikavuta karibu ili nipange jina na tarehe chini yake. Uso ukawa kama umefunikwa na ukungu. Kope hazionekani, na ukingo wa kilemba umekatika ngazi ngazi. Kijana alikuwa kwenye stuli nyuma yangu, akauliza taratibu, "Dada, mbona mama haonekani vizuri?"

Nikamjibu palepale kwamba picha haina ubora, watafute nyingine. Akapiga simu nyumbani. Saa tatu usiku, watu wako msibani, wakaanza kufungua masanduku na kupekua albamu, na dada zake wakawa wanalia upya kwa kila picha waliyoikuta. Mwenyewe alinisimulia baadaye. Saa nne hivi nikatoa PDF ya lile jalada, nia yangu kukagua maandishi tu. Nikaziona kope, hadi nyuzi za kilemba. Picha aliyokuja nayo ilikuwa imeskaniwa studio, pikseli (yaani nukta zinazounda picha) 2,400 kwa 3,000, ni picha nzuri kuliko nyingi ninazoletewa. Nilimpigia simu nikamwomba radhi, nikamwambia waache kutafuta.

Ndiyo maana nawaandikia wenzangu mnaopanga kurasa kwenye steshenari, maofisi na makanisani. Kosa hili ni jepesi kulifanya, na anayeumia ni mtu aliyekuja na shida yake.

Unapoingiza picha kwenye programu ya kupanga kurasa, faili lenyewe hubaki kwenye folda lilipokuwa. Kwenye ukurasa inawekwa nakala nyepesi ya kutazamia, pamoja na kiungo kinachoonyesha faili halisi liko wapi. Imefanywa hivyo kwa sababu nzuri. Kitabu cha kurasa 60 chenye picha mia kikionyeshwa kwa ubora kamili kila unaposogeza ukurasa, kompyuta yenye RAM ya GB 4 itakwama. Kwa hiyo InDesign kwa kawaida hukuonyesha ile nakala nyepesi, na ukivuta karibu kwa asilimia 200 au 300 ndipo inapopasuka. Kilichopasuka ni nakala. Wakati wa kuchapa au kutoa PDF, programu hufuata kiungo ikachukue faili halisi.

Tiba yake ni fupi. Fungua menyu ya View, nenda Display Performance, chagua High Quality Display. Kwenye Windows ni Ctrl, Alt na H kwa pamoja. Ukiona picha badala yake zimegeuka kuwa maboksi ya kijivu, basi mtu ameweka Fast Display, nenda ukabadilishe hapohapo. Ushauri wangu ni kwamba usiiache hali ya ubora wa juu kwa kitabu kizima kama kompyuta yako ni ya kawaida. Bofya kulia picha moja unayoishughulikia, uibadilishie hiyo peke yake. Ila jihadhari: mpangilio wa picha moja moja una nguvu kuliko wa ukurasa mzima. Nimeshawahi kupokea faili la mwenzangu ambalo picha tatu zilikataa kabisa kuwa safi hata nilipoweka High Quality, kumbe alizishusha moja moja siku za nyuma. Kwenye menyu ileile ya Display Performance kuna amri ya kufuta mipangilio hiyo yote kwa mkupuo.

Wanaotumia Scribus, ambayo ni ya bure na inatosha kabisa kwa kazi nyingi za mtaani, wabofye kulia picha, waende Preview Settings, wachague Full Resolution. Tatizo ni lilelile.

Nembo za shule na vikundi zilizo kwenye faili la EPS nazo hutisha watu. Zikionekana zina meno meno kwenye kioo, mara nyingi unachokiona ni kipicha kidogo kilichofungwa ndani ya faili. Zikichapwa zinatoka laini.

Sasa nieleze upande wa pili, maana baada ya ule usiku nilijifunza nusu ya somo tu. Nikawa kila picha yenye ukungu naiambia moyoni kwamba ni onyesho tu, haina shida. Ikaja kazi ya jarida la mahafali ya kidato cha nne. Picha ya darasa zima ililetwa kwa WhatsApp, nikaitandaza kwenye A4 iliyolazwa, ukingo hadi ukingo. Ukurasa mzima ukiwa kwenye kioo ilipendeza. Likachapwa. Mzazi mmoja akaweka kidole mstari wa nyuma, akaniuliza mwanawe ni yupi. Sikuweza kumjibu, wala yeye hakumtambua.

Hesabu ningeifanya kwa dakika moja. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huibana, na mara nyingi upande mrefu unabaki kama pikseli 1,600. Wanafunzi 20 wakipanga mstari mmoja, kila mtoto anapata pikseli 80, tena pamoja na mabega yake. Uso unabaki na 40 hivi. A4 iliyolazwa ina upana wa sentimita 29.7, yaani karibu inchi 11.7, kwa hiyo kila inchi inapata pikseli 137 tu, na kazi ya jarida kwenye karatasi nzuri inataka 300. Picha hiyohiyo ingekaa vizuri kwenye upana wa sentimita 13 na nusu, ingawa nyuso zingekuwa ndogo. Dawa ilikuwa kumwomba mwalimu aitume tena kama dokumenti. Ikitumwa hivyo WhatsApp haiibani.

Hesabu hiyo InDesign yenyewe inakufanyia. Fungua paneli ya Links, bofya picha, tazama sehemu ya taarifa chini. Utaona Actual PPI na Effective PPI; PPI ni idadi ya pikseli kwa kila inchi. Hiyo ya kwanza ni ya faili lilivyo, wala isikushughulishe. Ya pili ndiyo ya kweli kwenye ukurasa wako, baada ya kuikuza au kuipunguza picha. Picha yenye 300 ukiikuza mara mbili, Effective inashuka hadi 150. Ile ya marehemu niliiweka kwa upana wa sentimita 12, na paneli ilikuwa inaonyesha 508 muda wote nilipokuwa namhangaisha yule kijana. Scribus nayo ina dirisha la kusimamia picha kwenye menyu ya Extras, linakupa namba hiyohiyo.

Ukiwa kwenye paneli hiyo, angalia kama kuna alama nyekundu ya kuuliza. Maana yake faili halisi halionekani, na sisi wa steshenari tunalipata hili sana kwa sababu ya flashi. Mteja anakuja na flashi, unaingiza picha moja kwa moja kutoka humo, kisha anaichomoa anaondoka nayo. Kiungo kimekatika. Ukitoa PDF hapo, programu itakuonya. Ukipuuza onyo, itachapa ile nakala nyepesi, na safari hii ukungu utakuwa wa kweli kwenye karatasi. Kwa hiyo nakili picha zote kwenye folda la kazi kabla hujaingiza hata moja.

Mahali pa mwisho pa kuharibikia ni wakati wa kutoa PDF. Ukichagua Smallest File Size ili faili lipite kwenye simu, picha za rangi zinashushwa hadi pikseli 100 kwa inchi. Hiyo itumie kumwonyesha mteja mpangilio tu. Ya kupeleka kuchapa itoe kwa Press Quality, na uyape mafaili hayo mawili majina tofauti kabisa, maana nimeona la simu likipelekwa kiwandani kwa haraka ya saa za mwisho.

Siku hizi akija mtu wa msiba namkaribisha kiti, naingiza picha, nasoma Effective PPI. Jalada nalitoa kwanza kama PDF, nalifungua kwa asilimia 100, ndipo namgeuzia kioo.